Gari Lililopimwa Limesimama

Katika duka la fundi cherehani aliyeitwa Pindo kulikuwa na stuli moja fupi ya mbao, na stuli hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Mafundi wengine wa mtaa ule walimpima mteja akiwa amesimama wima, kifua mbele, tumbo limevutwa ndani kwa adabu, kisha wakamshonea suruali mtu ambaye hayupo. Pindo naye alimpima mteja hivyo hivyo, lakini alipomaliza alimwambia, "Sasa kaa." Mteja aliketi, tumbo likarudi mahali pake, mapaja yakatanuka, na Pindo akaanza kupima upya.

"Suruali haimchanikii aliyesimama," alikuwa akisema, pini zikiwa zimebanwa mdomoni. "Inamchanikia aliyekaa."

Kwa sababu ya maneno hayo watu wazito walimjia kutoka mitaa ya mbali, wakampita njiani fundi huyu na yule. Msomaji naye ayaweke moyoni, kwa kuwa Pindo mwenyewe aliyasahau mara moja tu maishani mwake, na mara hiyo ilitosha.

Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na hakuchelewesha nguo za watu kuliko ilivyo desturi ya mafundi cherehani, yaani alichelewesha. Kasoro yake ilikuwa moja. Alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukumhusu mkewe, jambo ambalo majirani wangelielewa na pengine kulipigia saluti. Ulimhusu mama mkwe.

Mama mkwe huyo alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walishikwa na mikono yake kabla ya kushikwa na kitu kingine chochote duniani, na wengi humwogopa hadi leo bila kujua chanzo. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti ndogo, na magoti mawili yaliyokuwa yamestaafu kabla yake. Kwa ajili ya magoti hayo alikwenda kliniki kila baada ya muda, na kwa miaka mingi aliyempeleka alikuwa Pindo, kwa kuwa katika ukoo mzima gari lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Pindo: gari dogo la milango minne lililokuwa jeupe zamani.

Pindo alimshonea mto. Kitambaa kizito cha buluu, ukingo mwekundu uliokunjwa mara mbili, zipu iliyofichwa chini isimchome. Mto ulikaa kwenye kiti cha mbele, na haukuondoka hapo hata mwenyewe asipokuwamo. Mke wa Pindo alipopanda gari la mumewe, wakiwa wawili tu, alikaa nyuma kama abiria wa kukodi.

"Siku moja trafiki atanisimamisha aniulize nauli," alilalamika.

"Mto ukikaliwa na kila mtu unabonyea," Pindo alijibu.

Na kweli ulibonyea. Ulijazwa upya kwa kipande cha sponji nzuri, tena cha bure, kutoka kwa mtu ambaye Pindo hakupenda kukumbushwa kwamba ndiye aliyekitoa.

Mtu huyo aliuza magodoro, na kwa hiyo aliitwa Godoro. Alikuwa amemwoa mdogo wake mke wa Pindo. Lugha yetu imewapa wanaume wawili waliooa ndugu jina moja la kuitana, mwanyumba, kana kwamba wanaishi chini ya paa moja. Pindo aliona jina hilo linatosha kwa ushirika. Hakuona haja ya kuongeza mama mkwe.

Godoro alikuwa mnene, mchangamfu, na mwenye kicheko kilichoanzia mabegani. Hakuwa na habari kwamba anashindana na mtu. Hicho ndicho kilichomchoma Pindo zaidi ya yote, maana kushindwa na adui ni jambo la kawaida, bali kushindwa na mtu ambaye hata hajaingia uwanjani ni aibu isiyo na dawa.

Siku Godoro alipokuja na gari lake, Pindo alitoka nje kulitazama akiwa amejiandaa kulidharau. Hakuweza. Gari lilikuwa la aina ile ile ya kwake. Milango ile ile, taa zile zile, hata rangi ilikuwa ile ile nyeupe, isipokuwa hii ilikuwa bado haijakata tamaa. Tofauti ilikuwa chini. Gari la Godoro lilikuwa na rimu za spoti, zenye mikono mitano inayong'aa, na magurudumu yake yalikuwa yamejaa hadi ukingoni mwa madigadi, yakaja usawa na bodi. La Pindo magurudumu yalikuwa yamejificha ndani, kama mikono ya mtu aliyeshonewa koti la kaka yake.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Godoro alifungua mlango wa mbele akasema, "Mama, leo panda kwangu, ulionje."

Mama mkwe aliyatazama magari mawili yaliyopangana, akainua fimbo yake akalinyooshea la Godoro. "Hili limesimama," alisema. "Lako, mwanangu, limekaa kama mtu anayeomba radhi."

Watu walicheka. Pindo naye alicheka, kwa kuwa alikuwa na malezi. Kisha aliona mama mkwe akifungua mlango wa gari lake, akiinama kwa tabu, akiuchukua mto wa buluu na kuuweka kwapani. Mto ukaenda kwenye gari la Godoro. Haukurudi wiki ile, wala iliyofuata.

"Umeona alivyoingia?" Pindo alimwuliza mkewe jioni.

"Nani?"

"Mama. Kwenye gari la mwanyumba."

"Aliingia kwa mlango, baba watoto. Ulitaka aingie kwa dirisha?"

"Na mto wangu."

"Mto wako, au wa Mama?"

Pindo akaleta shtaka lililokuwa zito kuliko yote. "Siku hizi anamwita 'baba'. Nimemsikia mwenyewe. Walikuwa wanaondoka, kioo kiko wazi, akamwambia, 'Taratibu, baba.' Kwa upole kabisa. Mimi miaka yote hii ni 'mwanangu, mwanangu'."

"Kwani mwana na baba nani wa karibu?"

"Baba amepandishwa cheo."

Mkewe aliweka chini alichokuwa anakunja. "Una wivu, wewe."

"Mimi? Nimwonee wivu mtu anayeuza vitu vya kulalia?"

"Na wewe unauza vya kuvalia. Mnalingana."

Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha raha: kwamba walilingana. Gari moja, ukwe mmoja, na mtu mmoja wa kukaa mbele. Kilichowatenga, kwa hesabu za Pindo, kilikuwa upana wa vidole viwili kwenye magurudumu. Wanafalsafa wameandika mengi kuhusu chanzo cha uadui kati ya binadamu, lakini ni wachache waliowahi kuchuchumaa kando ya tairi.

Pindo alichuchumaa. Familia ilipokutana kwa Godoro, alisingizia simu akatoka nje, akavua tepu yake shingoni, akaanza kupima: kutoka ukingo wa madigadi hadi shavu la tairi, kutoka katikati ya rimu hadi ardhini. Alikuwa kwenye gurudumu la nyuma, goti moja chini, aliposikia mlango.

"Shemeji," alisema mdogo wa mkewe akiwa na sahani za kuosha mikononi, "unalipima gari letu suruali?"

"Naangalia upepo."

"Kwa tepu?"

"Ni tepu ya upepo," Pindo alisema, akasimama, akajipangusa goti kwa heshima zote.

Siku ya pili alifunga duka mapema na kwenda kwenye uwanja wa magurudumu ulio nyuma ya kituo cha mafuta. Rimu zilikuwa zimetundikwa ukutani kama sufuria za maonyesho, na chini yake alikaa fundi aliyeitwa Jeki, labda kwa kazi yake, labda kwa sababu bega lake moja lilikuwa juu kuliko la pili.

"Unataka za kwendea au za kutazamwa?" Jeki aliuliza bila salamu ndefu.

"Zote mbili."

"Hizo hazijatengenezwa bado."

Walichagua. Jeki alihakikisha matundu ya nati yanalingana na ya gari, akahakikisha tundu la katikati linaikumbatia habu, kitovu cha ekseli, bila kucheza. Alipovua magurudumu ya zamani alichukua brashi ya waya akasugua kutu mpaka chuma kikacheka. Alipofunga rimu mpya hakuzunguka nati kwa nati kama mtu anayekimbizwa. Alikaza moja huku, kisha iliyo ng'ambo yake, kisha akarudi. Hivyo ndivyo Pindo alivyopachika kola, pini moja huku na nyingine kule, kitambaa kisivutwe upande mmoja. Alimwona Jeki ni msomi.

Gari lilipoteremshwa, Pindo alilizunguka. Rimu ziling'aa, lakini magurudumu bado yalikuwa ndani.

"Bado linaomba radhi," alisema.

"Linaomba nini?"

"Nataka yatoke nje. Mpaka usawa wa bodi. Yapite kidogo."

Jeki alikuna kidevu kwa spana, akaingia kibandani, akatoka na mabamba ya chuma ya duara yenye matundu, mengine membamba, mengine manene. "Hizi ndizo spesa. Inakaa hapa katikati ya habu na rimu, inasukuma gurudumu nje. Wewe nyembamba inakutosha."

Pindo aliiweka tepu juu ya ile nyembamba. Ilimpa usawa na gari la Godoro. Aliiweka juu ya nene. Ilimpa usawa, na juu ya usawa upana wa kidole kimoja. Mtu aliyekuja kutafuta haki huridhika na usawa, lakini Pindo hakuwa amekuja kutafuta haki.

"Nene," alisema.

"Subiri kwanza. Unabeba watu nyuma? Maana ukibeba, springi zinashuka, bodi inakaa chini, na tairi ikiwa imetoka nje inakutana na ukingo wa madigadi. Unabeba watu, hubebi?"

Swali lilikuwa jepesi, na kwa mtu mwingine jibu lingekuwa jepesi pia. Lakini kusema ukweli kulimtaka Pindo aseme kwamba humbeba mama mkwe, au kwamba alikuwa akimbeba, na lipi kati ya hayo mawili ni kweli hakuwa tayari kulikubali mbele ya mtu aliyeshika spana.

"Ni mimi na mama watoto tu," alisema.

"Mwembamba?"

"Wastani."

"Haya. Mali yako."

Jeki alifunga spesa nene, akazikaza kwa utaratibu ule ule, akarudisha rimu, akashusha jeki. Pindo aliinama kwenye gurudumu la nyuma na tepu yake. Kati ya tairi na ukingo wa madigadi nafasi ilikuwepo, ndogo, safi, kama nafasi ya kola kwa mtu asiyemeza mate. Aliridhika. Gari lilikuwa limesimama kwenye sakafu iliyosawazishwa, tupu, halina mtu ndani hata mmoja. Fundi aliyewakalisha wanene wa mitaa yote hakufikiri kulikalisha gari. Mganga hajigangi.

"Ukitembea kidogo urudi nikaze tena nati," Jeki alimwambia. "Mara moja inatosha."

Pindo alirudi mara tatu, kwa kuwa pale uwanjani walilisifu.

Zikafuata siku za fahari. Alipita mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo. Aliegesha mbele ya duka kwa pembe, gurudumu la mbele limegeuzwa, ili rimu imtazame mpita njia. Suruali za watu zilirundikana, na mteja aliyekuja kudai yake alioneshwa gari. Mkewe aliendelea kukaa nyuma, ingawa kiti cha mbele sasa hakikuwa na mto wala mtu.

"Kaa mbele basi," Pindo alimwambia siku moja, kwa unyonge.

"Nimeshazoea nauli ya nyuma," alijibu.

Kisha alilipeleka gari kwa mama mkwe. Alimkuta akianika nguo uani. Alizima injini, akashuka, akafuta rimu ambayo haikuwa na vumbi.

"Limefanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Limesimama, Mama."

Mama mkwe alilitazama kwa muda ule mfupi aliokuwa akiwatazama watoto waliozaliwa na uzito wa kutosha. "Ahaa," alisema, akaendelea kuanika.

Pindo aliendesha hadi nyumbani bila kuwasha redio.

Bahati ilimjia kwa mlango wa breki. Gari la Godoro liliingia gereji kwa sababu breki zake, mpya za juzi tu, zilikuwa zimekwisha. Godoro alishangaa, fundi wake hakushangaa. Na ilikuwa karibu na siku ya kliniki, tena si kliniki ya kawaida: mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameomba watu wa familia waje wafundishwe namna ya kumkunja na kumnyoosha goti mama yao nyumbani.

"Tukodi?" Godoro aliuliza kwenye simu.

"Kukodi nini na gari lipo?" Pindo alisema. "Njooni wote."

Asubuhi hiyo mama mkwe alitoka na mto wake kwapani. Pindo alifungua mlango wa mbele kabla hajafika. Mto ulitua kwenye kiti, mama mkwe akatua juu ya mto, na Pindo akauona ulimwengu umerudi kwenye mshono wake. Nyuma waliingia mkewe, mdogo wa mkewe, na mwisho Godoro, ambaye aliingia kwa awamu.

Gari lilikaa.

Barabara kubwa ilikuwa nzuri, na mwanzoni hakuna aliyesikia kitu. Katika kona ya kwanza ukatokea mlio. Pindo aliujua kabla ya wote. Ulikuwa mlio wa mkasi mzito unaopita kwenye kitambaa cha turubai.

"Nani anachana nguo humo nyuma?" mama mkwe aliuliza.

"Si mimi," Godoro alisema, "ingawa suruali hii naiogopa."

"Hiyo nilikushonea mimi," Pindo alisema, "haichaniki."

Kona ya pili mlio ulirudi, na safari hii ulileta harufu ya mpira unaoungua. Halafu wakafika kwenye shule, ambako manispaa, kwa kuwapenda watoto, ilikuwa imejenga matuta mfululizo. Tuta la kwanza gari lilipanda vizuri. Liliposhuka, nyuma ilishuka zaidi, na tairi zote mbili zikang'ata madigadi kwa mlio uliowafanya wanafunzi waliokuwa uwanjani kusimamisha mpira.

Pindo aliegesha pembeni, akashuka. Godoro alishuka, akachuchumaa, akaingiza vidole kati ya tairi na bodi. Havikuingia. Shavu la tairi lilikuwa limechongwa mstari mzima, kama penseli.

"Mwanyumba," aliita, "umeweka spesa?"

"Kidogo."

"Hii kidogo? Mbona imetoka kuliko zangu?"

Mkewe alikuwa ameshusha kioo, akamtazama mumewe aliyesimama na tepu shingoni, akasema polepole, bila hata ukali, "Baba watoto. Hukulikalisha."

Katika maisha yake Pindo alikuwa ametukanwa na wateja wa kila aina. Hakuna aliyewahi kumpata kwenye mfupa namna ile.

"Mimi zangu nazo zinanichosha," Godoro aliendelea, kwa ile huruma yake isiyojua inakokanyaga. "Nilinunua gari zikiwemo, kila siku nasema nizitoe. Kumbe wewe ulizipenda? Si ungeniambia, ningekupa zangu."

Kulikuwa na kliniki ya kuwahi, na matuta yalikuwa bado mengi mbele. Njia iliyopatikana ilikuwa hii: waliokaa nyuma washuke kabla ya kila tuta, gari lipite likiwa jepesi, kisha wapande tena.

"Na Mama?" Godoro aliuliza.

"Mama na magoti haya hashuki kwa ajili ya tuta," mama mkwe alisema kutoka kwenye mto wake. "Shukeni ninyi mlio na magoti."

Wakashuka. Gari likapita, wakapanda. Tuta likaja, wakashuka. Godoro alitoka na kuingia kwa awamu zake, akiwapungia mkono wanafunzi waliokuwa wamejipanga kwenye uzio na kuanza kuwashangilia. Tuta la mwisho walilipita kwa makofi. Ndani ya gari, wakiwa wawili tu wakati wengine wakitembea kando, Pindo alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, akisubiri kuhukumiwa.

"Haya mapambo yalikuwa ya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Ulisema gari langu linaomba radhi."

"Mimi? Nilisema lini?"

Pindo alimgeukia. Uso wa mama mkwe ulikuwa mtupu kabisa. Maneno yaliyokuwa yamemlaza macho, yaliyompeleka nyuma ya kituo cha mafuta na kumpigisha goti kwa Godoro, mwenyewe aliyeyasema hakuyakumbuka.

"Siku ulipohama na mto," alisema. "Ukaenda kukaa na mwanyumba."

"Aa." Mama mkwe alipangusa kioo cha upande wake kwa kiganja. "Yule mwenzako anaendesha kama anayefukuzwa na mwenye nyumba. Binti yangu anapanda gari lile kila siku. Ningemwambia nini, mkwe wangu huyo, kwamba hajui kuendesha? Nikaona nikae mbele. Nikikaa mbele anapunguza. Akisahau namwambia, 'Taratibu, baba,' anakumbuka. Leba ni hivyo hivyo, hupigi kelele, unakaa karibu."

"Kwa hiyo si magurudumu?"

"Magurudumu yana nini?"

"Na mimi ukaniacha."

"Wewe nilikuwa nakuamini," mama mkwe alisema. "Mtu unayemwamini unamkalia nini mbele?"

Pindo aliyapima maneno hayo, kwanza yakiwa yamesimama, kisha yakiwa yamekaa. Kumbe miezi ile yote alikuwa ameshinda na hakuambiwa. Kisha akasikia lile "nilikuwa", nalo likamchoma pale pale.

"Na sasa, Mama?"

Nje, Godoro alikuwa akifungua mlango wa nyuma na kuomba nafasi. Mama mkwe alisogeza mto, akajiweka sawa, akavuta mkanda wa kiti mpaka ukalia tik.

"Sasa endesha," alisema.

Kesho yake Pindo alirudi kwa Jeki. Hakuulizwa kitu, Jeki aliitazama tairi iliyochongwa, akamtazama na Pindo, akaenda kuchukua jeki. Spesa nene zilitoka. Rimu zilibaki, zikiwa zimekaa ndani kwa adabu. Kabla ya kuondoka, Pindo alimwomba Jeki na watu wawili waliokuwa wanapiga soga pale waingie kiti cha nyuma, wakae, wajiachie, kisha akapima.

Godoro naye alizitoa spesa zake wiki ile ile, na kwa kuwa fundi wa breki alikuwa amemweleza kinachomaliza breki kwa lugha ambayo mama mkwe asingeitumia, alianza kuendesha kama mtu wa kawaida. Siku ya kliniki magari mawili yalipangana mbele ya nyumba, mamoja kwa kila kitu. Mama mkwe alitoka na mto. Alisimama akayatazama. Pindo hakupumua.

"Godoro siku hizi ametulia," mama mkwe alimwambia binti yake mkubwa, kwa sauti ambayo haikukusudia kufichwa. "Huyu wako ndiye wa kuangaliwa." Akaenda kwenye gari la Pindo, akaweka mto, akaketi.

Mtu mwenye busara angeona aibu. Pindo aliona mto. Alifunga mlango kwa mikono miwili, akazunguka mbele ya gari polepole ili Godoro apate muda wa kutazama, na Godoro, aliyekuwa anatafuta funguo mfukoni, hakutazama.

Tangu hapo mama mkwe hajahama. Pindo ni dereva mwangalifu kama alivyokuwa siku zote. Anaona shimo kabla halijachimbika. Lakini mkewe, kutoka kiti cha nyuma, amegundua jambo ambalo amekaa nalo kimya. Ikipita miezi bila mama yake kusema neno lolote juu ya uendeshaji, wakifika pale shuleni, mumewe huanza kulitazama tuta kwa mbali, huliona vizuri kabisa, na hapunguzi mwendo.

Gari huruka kidogo. Mama mkwe hushika dashibodi.

"Taratibu, baba," husema.

Na Pindo hupunguza, akiwa ameridhika.